Kinyume, mpinduo na tenduo: sifa za funksheni tenduzi za trigonometria kwa lugha ya Kiswahili

0. Utangulizi

Katika masomo ya hisabati ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kuna kosa moja linalorudi kila mara. Mwanafunzi aliyefundishwa sekondari kwa Kifaransa anajua alama arcsin. Anaposhika mashine ya kuhesabia, juu ya kitufe chake anakuta alama nyingine, yaani sin⁻¹. Kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba 5⁻¹ ni 1 gawanya kwa 5, anaamini kwamba sin⁻¹ ni 1 gawanya kwa sini. Akiulizwa pembe ambayo sini yake ni 0,5, anatafuta sini ya nusu digrii, anagawanya 1 kwa namba hiyo, na anapata karibu 114,6. Jibu sahihi ni digrii 30. Kosa hili lina hatari ya pekee, kwa sababu namba 114,6 nayo inaweza kuwa pembe, na hakuna kitu ndani yake kinachomwonya aliyeipata.

Mwanafunzi huyo akimwendea mwenzake aliyefaulu somo, mara nyingi atajibiwa kwa Kiswahili: «Hiyo ni kinyume cha sini.» Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii, maana neno kinyume limebeba mizigo mingi mno. Makala haya yanakusudia kueleza sifa kuu za arcsin, arccos na arctan, na kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa sarufi yake yenyewe, kina chombo cha kutenganisha mambo yanayochanganywa hapa. Chombo hicho ni kauli ya kutendua.

Katika maelezo yanayofuata, neno funksheni lina maana ya kanuni inayopokea namba na kutoa namba moja tu. Sini (sinus), kosini (cosinus) na tanjenti (tangente) ni funksheni zinazopokea pembe na kutoa uwiano.

1. Upinde na ugwe wake

Historia ya neno sini ni historia ya tafsiri iliyopotoka. Wanahisabati wa Uhindi, miongoni mwao Aryabhata aliyeandika mwishoni mwa karne ya 5, walitumia neno jya, ambalo katika Kisanskriti maana yake ni ugwe wa upinde. Waarabu walilichukua kwa sauti yake na kulifanya jiba, neno lisilokuwa na maana katika lugha yao. Kwa kuwa maandishi ya Kiarabu kwa kawaida hayaonyeshi irabu fupi, waliosoma baadaye waliliona kama jayb, yaani mkunjo au uwazi wa vazi kifuani. Watafsiri wa karne ya 12 walipolipeleka katika Kilatini, waliandika sinus, neno lenye maana hiyo hiyo ya mkunjo. Ndivyo ugwe wa upinde ulivyogeuka kuwa mkunjo wa nguo.

Hata hivyo picha ya kwanza ilikuwa njema, na Kiswahili kinaweza kuirudisha. Msomaji achore duara ambayo nusu-kipenyo chake ni 1, kisha akate kipande cha mzingo wake kama upinde, na kuunganisha ncha mbili za upinde huo kwa mstari ulionyoka kama ugwe. Nusu ya ugwe ni sini ya pembe inayokabili nusu ya upinde. Kwa hiyo sini hujibu swali hili: upinde ukijulikana, nusu ya ugwe wake ina urefu gani? Swali la kurudi ni hili: nusu ya ugwe ikijulikana, upinde wake ni upi? Swali hilo la pili ndilo linalojibiwa na arcsin. Neno arc, kutoka Kilatini arcus, maana yake ni upinde, na arcsin x ni «upinde ambao sini yake ni x».

Alama sin⁻¹ ilianzishwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1813. Hoja yake ilikuwa na mantiki: ikiwa f² ni kuitumia funksheni f mara mbili mfululizo, f⁻¹ iwe ni kurudi hatua moja nyuma. Lakini mazoea ya vitabu yalikwenda njia nyingine, na sin² x ikabaki na maana ya sini iliyozidishwa kwa sini. Kwa hiyo 2 juu ya sini ina maana ya kuzidisha, na –1 mahali pale pale ina maana ya kurudi nyuma. Mwanafunzi anayekosea ameifuata alama kwa uaminifu, na alama ndiyo iliyomdanganya.

2. Maana tatu, istilahi tatu

Mambo matatu huitwa kinyume katika mazungumzo ya wanafunzi, na kila moja linastahili jina lake.

La kwanza ni kubadilisha alama ya namba: 5 na –5. Namba hizo mbili zikijumlishwa hutoa 0. Hapa neno kinyume linafaa, kama inavyosemwa kwamba mbele ni kinyume cha nyuma.

La pili ni kupindua sehemu: 2/3 na 3/2. Namba hizo zikizidishwa hutoa 1. Neno linalopendekezwa ni mpinduo, kutoka pindua, kwa kuwa kilichokuwa juu kinashuka chini. Mpinduo wa sini ni 1 gawanya kwa sini, na kwa pembe ya digrii 30 ni 2.

La tatu ni kurudisha kitendo: kutoka uwiano hadi pembe. Hapa hakuna kubadilisha alama wala kupindua sehemu, bali kuna kutendua kilichotendwa. Neno linalopendekezwa ni tenduo, na funksheni inayofanya kazi hiyo iitwe funksheni tenduzi.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana ya kutendua. Anafunga na kufungua, anaziba na kuzibua, anakunja na kukunjua, anabandika na kubandua, anavaa na kuvua. Katika Kiswahili cha Lubumbashi watu husema fungula, na umbo hilo limehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili sanifu kimeipoteza. Kiambishi hiki ni cha kale, na lugha nyingi za Kibantu zinacho.

Vitenzi hivyo vinafundisha mambo mawili. Kwanza, anayefungua mlango uliofungwa humrudisha mtu pale pale alipoanzia. Pili, utaratibu wa kutendua hufuata njia ya kurudi: aliyevaa soksi kisha viatu, huvua viatu kwanza ndipo avue soksi. Katika hisabati ni vivyo hivyo. Ikiwa namba imezidishwa kwa 2, kisha sini ikatafutwa, anayetaka kuirudia namba ya mwanzo ataanza na arcsin, kisha atagawanya kwa 2.

Kuna somo la tatu. Pika haina tenduo lililozoeleka, wala saga. Mahindi yaliyokwisha kuwa unga hayarudi kuwa punje, na mtu akionyeshwa unga hawezi kusema kila chembe ilitoka katika punje ipi. Je, sini ni kama kufunga au ni kama kusaga?

3. Dirisha la funksheni tenduzi

Jibu ni kwamba sini, ikiachwa huru, ni kama kusaga. Sini ya digrii 30 ni 0,5. Sini ya digrii 150 ni 0,5 pia, na ya digrii 390 vilevile, kwa sababu digrii 390 ni mzunguko mzima wa 360 na 30 zaidi. Pembe zisizo na idadi huingia na kutoka na namba ile ile. Anayepewa 0,5 peke yake hawezi kujua ni pembe ipi iliyoingia. Sini nzima, kwa hiyo, haina tenduo.

Wanahisabati walilitatua jambo hili kwa kukubaliana juu ya dirisha. Badala ya kutazama pembe zote, huchaguliwa kipande ambamo kila uwiano unatokea mara moja tu, na ambamo hakuna uwiano unaokosekana. Ndani ya dirisha hilo sini ni kama mlango: yanayofungwa yanafunguka. Kwa sini, dirisha ni kuanzia digrii –90 hadi 90, na hapo sini hupanda bila kurudi nyuma kutoka –1 hadi 1. Kwa tanjenti, dirisha ni pembe zote zilizo kati ya –90 na 90, bila mipaka yenyewe, kwa sababu penye mipaka hiyo tanjenti haipo.

Kosini haiwezi kutumia dirisha la sini. Kosini ya digrii 60 ni 0,5, na ya digrii –60 ni 0,5 pia. Zaidi ya hayo, kati ya –90 na 90 kosini haiwi hasi hata mara moja. Kwa sababu hizo mbili dirisha lake ni kuanzia 0 hadi 180, ambamo hushuka kutoka 1 hadi –1.

Yafaa kukumbuka, basi, kwamba arcsin na arctan hutoa pembe kati ya –90 na 90, na arccos hutoa pembe kati ya 0 na 180. Arcsin na arccos hazipokei namba iliyo nje ya –1 na 1, kwa kuwa hakuna nusu ya ugwe iliyo ndefu kuliko nusu-kipenyo. Arctan hupokea namba yoyote.

4. Sifa kuu

4.1. Kutenda baada ya kutendua, na kutendua baada ya kutenda. Sini ya arcsin x ni x daima, kwa kila x iliyo kati ya –1 na 1. Lakini arcsin ya sini ya pembe hairudishi pembe ile ile ila kama ilikuwa ndani ya dirisha. Arcsin ya sini ya digrii 150 ni digrii 30. Arccos ya kosini ya digrii 300 ni digrii 60. Arctan ya tanjenti ya digrii 135 ni digrii –45. Mashine haijakosea hata mara moja: imetoa pembe ya dirishani yenye uwiano ule ule, si pembe aliyoanza nayo mtumiaji.

4.2. Namba hasi. Arcsin ya –x ni kinyume cha arcsin x, na arctan ni vivyo hivyo. Arcsin ya –0,5 ni digrii –30. Arccos haifuati desturi hiyo: arccos ya –x ni 180 kutoa arccos x. Arccos ya 0,5 ni digrii 60, na ya –0,5 ni digrii 120.

4.3. Jumla ya 90. Kwa kila x inayokubalika, arcsin x na arccos x zikijumlishwa hutoa digrii 90. Sababu yake huonekana katika pembetatu yenye pembe ya mraba: pembe mbili ndogo hujumlika kuwa 90, na sini ya moja ndiyo kosini ya nyingine. Sifa hii husimama hata kwa namba hasi: –30 na 120 hutoa 90.

4.4. Kuchanganya funksheni mbili. Kosini ya arcsin x ni kipeuo cha pili cha 1 kutoa x kwa x. Pembetatu yenye pande 3, 4 na 5 inathibitisha: pembe ambayo sini yake ni 0,6 ina kosini 0,8. Kipeuo hapa ni chanya daima, kwa sababu ndani ya dirisha la arcsin kosini haiwi hasi.

4.5. Kujumlisha arctan mbili. Arctan x na arctan y hujumlishwa kwa kanuni hii: x na y zijumlishwe, jibu ligawanywe kwa 1 kutoa x mara y, kisha itafutwe arctan ya kilichopatikana. Kwa 1/2 na 1/3, jumla ni 5/6, na 1 kutoa 1/6 ni 5/6 pia. Mgawanyo ni 1, na arctan ya 1 ni digrii 45. Kwa njia ya namna hiyo John Machin, mwaka 1706, aligundua kwamba mara nne ya arctan 1/5, ukitoa arctan 1/239, ni digrii 45 kamili, na akaitumia kupata tarakimu 100 za namba pai. Lakini kanuni hii inasimama kama ilivyo pale tu ambapo x mara y haifiki 1. Kwa 2 na 3 inatoa arctan ya –1, yaani digrii –45, ingawa pembe mbili chanya haziwezi kujumlika kuwa pembe hasi. Jumla yake ya kweli ni digrii 135. Tofauti ya digrii 180 imetokea kwa sababu jumla ilitoka nje ya dirisha, na ni mwenye kuhesabu anayepaswa kuirudisha.

5. Kiwanja cha mita 30, 50 na 70

Anayedhani kwamba dirisha ni jambo la darasani tu na atazame kiwanja cha pembetatu chenye pande za mita 30, 50 na 70. Mpimaji anataka kujua pembe iliyo kati ya upande wa 30 na ule wa 50, yaani pembe inayokabili upande mrefu.

Kwa kanuni ya kosini, atajumlisha 900 na 2.500, atatoa 4.900, atapata –1.500, atagawanya kwa 3.000, yaani mara mbili ya 30 mara 50, na atapata –0,5. Arccos ya –0,5 ni digrii 120. Mpimaji mwingine, aliyepata kwa njia yake kwamba sini ya pembe hiyo ni 0,866, anabonyeza arcsin na mashine inamjibu digrii 60. Namba yake ya sini ni sahihi, maana 120 na 60 zina sini moja. Ila arcsin haiwezi kutoa pembe iliyopita 90, hata kama ndiyo pembe iliyopo ardhini.

Akikokotoa eneo kwa pembe hiyo ya 60, atapata karibu mita za mraba 649,5, sawasawa na mwenzake, kwa sababu eneo hutegemea sini. Hivyo hesabu ya eneo haitalifichua kosa. Lakini akichora kiwanja kwa pembe ya digrii 60, upande wa tatu utakuwa na mita 43,6 badala ya 70. Mita zaidi ya 26 za mpaka zimetoweka kwenye karatasi, na jirani mwenye karatasi hiyo ataamini kwamba haki iko upande wake. Kinga ni nyepesi: pembe nyingine mbili za kiwanja ni karibu digrii 21,8 na 38,2. Zikijumlishwa na 120 hutoa 180; zikijumlishwa na 60 hutoa 120 tu, na pembetatu haifungiki.

6. Mchana wa Lubumbashi

Mfano wa mwisho unatoka angani. Mji wa Lubumbashi uko karibu digrii 11,7 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 au 22 Desemba jua hufika karibu digrii 23,4 kusini. Pembe ambayo dunia huizunguka kuanzia macheo hadi jua la utosini, yaani saa sita ya jua, ina kosini iliyo sawa na kinyume cha tanjenti ya latitudo mara tanjenti ya mahali pa jua. Tanjenti hizo zikizidishwa hutoa karibu 0,09. Kosini inayotafutwa ni –0,09, na arccos yake ni karibu digrii 95,2. Kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, mchana mzima, kuanzia macheo hadi machweo, una urefu wa karibu saa 12 na dakika 41.

Mwezi Juni, katika kiangazi cha baridi, jua liko kaskazini na alama hugeuka. Kosini ni 0,09, arccos yake ni karibu digrii 84,8, na mchana ni karibu saa 11 na dakika 19. Msomaji akiijumlisha michana hiyo miwili atapata saa 24 kamili. Hilo si bahati: ndiyo sifa ya 4.2, kwamba arccos x na arccos ya –x hujumlika kuwa digrii 180. Hesabu hii haijatia ukubwa wa jua wala mpindo wa mwanga hewani, ambao huongeza dakika chache kila siku. Mjini Kisangani, ulio karibu sana na ikweta, hesabu hiyo hiyo hutoa tofauti ya dakika chache tu kati ya Juni na Desemba.

Ambaye, badala ya arccos, angetumia sini ya pembe ile na kubonyeza arcsin, angepata digrii 84,8 hata mwezi Desemba. Angeutangaza mchana mfupi wa Juni katikati ya majira ya mvua, na kosa lake ni lile lile la mpimaji wa kiwanja.

7. Hitimisho

Sifa za funksheni tenduzi huonekana kuwa nyingi na za kukariri, lakini zote hutoka katika shina moja: hakiwezi kutenduliwa ila kitendo kisichochanganya vitu viwili kuwa kimoja, na pale kinapochanganya, sharti dirisha lichaguliwe kwanza. Anayelijua dirisha atajua kwa nini arcsin ya sini ya 150 si 150, kwa nini arccos haifuati alama ya namba, na kwa nini kanuni ya arctan wakati mwingine hukosa digrii 180.

Kwa upande wa lugha, istilahi tatu, kinyume, mpinduo na tenduo, zinatosha kuvunja mkanganyiko ambao alama ya –1 imeuleta. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kitufe cha sin⁻¹ ni «tenduo la sini», hatagawanya 1 kwa chochote. Atauliza swali linalopasa: ni nini kilichotendwa, na je, kilitendwa ndani ya dirisha? Majina hayo yanaweza kuboreshwa na wengine, mradi mambo matatu yasirudi kuitwa kwa jina moja. Kiswahili kimekuwa kikitenganisha kufunga na kufungua tangu zamani, na darasa la hisabati halina sababu ya kukiacha chombo hicho mlangoni.